Lori Lilelile, Barabara Ileile: Kwa Nini Mifuo Huzaliwa Masika?

SOMO LA HUDUMA: BARABARA ZA KATA



Mwezi Septemba lori lililosheheni mahindi hupita katika barabara ya changarawe ya kata, hutimua vumbi, na habari yake huishia hapo. Mwezi Aprili lori hilohilo, likiwa na mzigo uleule na dereva yuleyule, hupita mahali palepale na kuacha nyuma yake mabonyeo mawili marefu yaliyojaa maji. Siku chache baadaye gari dogo linalompeleka mama mjamzito hospitalini hukwaruza tumbo lake juu ya tuta lililobaki katikati ya mabonyeo hayo, na safari ya nusu saa hugeuka kuwa ya saa mbili.

Hapo ndipo lawama huanza. Mmoja humlaumu mwenye lori, mwingine mkandarasi, mwingine mvua, na mwingine Serikali. Makala haya hayakukusudia kumtafuta mkosaji mmoja, bali kueleza jinsi kosa lenyewe linavyotendeka ndani ya ardhi, mahali ambapo macho hayafiki. Tukilielewa hilo, tutatambua pia kwamba sehemu kubwa ya kinga ya barabara imo katika uwezo wa wakazi wenyewe.

Fundisho la leo ni hili: mfuo huzaliwa pale mzigo wa gurudumu unapozidi uwezo wa tabaka linaloubeba, na uwezo huo haubaki mmoja mwaka mzima. Maji huupunguza.

MFUO NI NINI?

Mfuo ni bonyeo refu linalofuata njia ya magurudumu. Usichanganywe na shimo, ambalo huwa la mahali pamoja, wala na korongo linalochimbwa na maji yanayotiririka juu ya barabara. Mfuo huchimbwa na magurudumu, nao hutokea katika barabara za changarawe na za lami vilevile.

Ili tuelewe asili yake, tuipasue barabara kwa mawazo. Chini kabisa upo udongo wa asili, ambao katika baadhi ya maeneo ni kichanga na katika mengine ni ule udongo mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi na kunata masika. Juu yake huwekwa tabaka la chini la msingi, kisha tabaka la msingi, ambayo kwa kawaida ni changarawe au kokoto zilizoshindiliwa. Barabara ya lami huongezewa ngozi nyeusi juu. Barabara nyingi za vijijini zina tabaka moja tu la changarawe juu ya udongo wa asili.

Matabaka haya ya changarawe huitwa matabaka yasiyogandishwa, kwa sababu punje zake hazikuunganishwa kwa saruji wala lami. Husimama imara kwa kushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa msuguano na kwa kuingiliana kwa pembe zake, kama ukuta wa mawe uliopangwa bila udongo. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapohapo ndipo penye udhaifu wake.

Wengi hudhani kuwa barabara ya lami ikibonyea, lami ndiyo mbovu. Jaribio kubwa lililofanyika nchini Marekani linatufundisha tahadhari. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, malori yalizungushwa juu ya barabara za majaribio hadi ekseli zaidi ya milioni moja zikapita. Jaribio hilo hujulikana kwa jina la AASHO. Wahandisi walipoikata barabara na kupima kila tabaka, walikuta kwamba kwa wastani asilimia 32 ya kina cha mfuo ilitokana na tabaka la lami, asilimia 14 na msingi, asilimia 45 na tabaka la chini la msingi, na asilimia 9 tu na udongo wa asili. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mfuo ilikuwa katika matabaka yasiyogandishwa, yaliyofichika chini ya lami. Hayo ni matokeo ya barabara zile, wala si kipimo cha kila barabara duniani, lakini yanatosha kutuonya tusiihukumu barabara kwa ngozi yake.

JINSI TABAKA LINAVYOCHOKA

Gurudumu likipita juu ya changarawe, tabaka hubonyea kidogo kisha huinuka. Hata hivyo, haliinuki lote. Punje chache huwa zimesogea, zimegeuka au zimevunjika ncha, na unyayo mdogo mno usioonekana kwa macho hubaki. Haba na haba hujaza kibaba: nyayo hizo hujumlishana lori baada ya lori.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Ikiwa mzigo ni wa kadiri, nyayo hizo hupungua kadiri magari yanavyopita, kwa sababu punje hujipanga vizuri zaidi, na hatimaye tabaka hutulia. Barabara ya namna hiyo huweza kudumu miaka mingi. Lakini mzigo ukivuka kikomo cha uwezo wa tabaka, nyayo hazipungui tena. Kila lori huongeza bonyeo, punje husukumwa kando, na tabaka huporomoka. Kutoka utulivu hadi uporomokaji si safari ndefu, na ndiyo maana barabara iliyovumilia miaka mitatu huweza kuharibika katika wiki moja.

Kwa hiyo swali la msingi si magari mangapi yamepita tu, bali ni kitu gani kinachokipandisha au kukishusha kikomo hicho. Mambo makubwa ni manne.

1. MZIGO WA EKSELI

Jaribio la AASHO lilizaa kanuni ambayo wahandisi huitumia hadi leo: madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Kwa lugha nyepesi, ukiuzidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara hayawi mara mbili, bali mara 16. Ekseli ya tani 10 hulingana na takriban ekseli 10,000 za tani moja moja. Na ekseli iliyostahili kubeba tani 10 ikibebeshwa tani 12, madhara yake huwa kama maradufu, ingawa mwenye mzigo ameongeza tani mbili tu.

Kutokana na hesabu hiyo, pikipiki na magari madogo hayawezi kulaumiwa kwa mifuo mikubwa. Tunaona pia kwamba uzito wa jumla wa gari hautoshi kutueleza habari yote. La muhimu ni namna uzito huo ulivyogawanywa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, kwa gari lenye ekseli saba. Lori dogo la ekseli mbili lililopakiwa kupita kiasi laweza kuiumiza barabara ya kata kuliko gari refu lenye ekseli nyingi lililopakiwa kwa haki.

Upepo wa matairi nao una sehemu yake. Tairi lililojazwa sana hukanyaga eneo dogo zaidi, na mgandamizo wake juu ya changarawe huwa mkali. Madhara hayo huonekana zaidi sehemu ya juu ya tabaka, ilhali uzito wa ekseli hupenya hadi chini.

2. MAJI

Maji kidogo ni rafiki wa changarawe. Unyevu mdogo uliomo kati ya punje huzivuta zishikane, kama mchanga wa pwani ulio na unyevu unavyokubali kukanyagwa bila mguu kuzama. Lakini nafasi zilizo kati ya punje zikijaa maji, mambo hubadilika. Gurudumu likikandamiza, maji hayapati pa kukimbilia upesi. Husukuma punje zitengane, msuguano hupungua, na punje huteleza.

Watafiti Haynes na Yoder walionyesha jambo hili mwaka 1963 kwa kupima kokoto na changarawe za aina iliyotumika katika jaribio la AASHO. Maji yaliyokuwa yanajaza asilimia 60 ya nafasi kati ya punje yalipoongezwa hadi asilimia 80, bonyeo la kudumu lilizidi maradufu. Changarawe ilikuwa ileile, na mzigo uleule. Kilichobadilika ni maji.

Hata huko Illinois uharibifu mwingi haukutokea kiangazi. Ulitokea majira ya kuchipua, barafu iliyokuwa ardhini ilipoyeyuka na kulowesha matabaka. Sisi hatuna barafu, lakini tuna masika. Kanuni ni moja.

Maji huingiaje? Hupenya kutoka juu iwapo mgongo wa barabara umelala na mvua haitiririki. Huingia kupitia nyufa na mashimo ya lami. Na zaidi ya yote, huingia kwa ubavu, kutoka mtaro uliojaa. Katika barabara ya lami, ukanda wa takriban mita moja kutoka ukingoni ndio unaolowa na kukauka kwa majira. Ndiyo maana mara nyingi mfuo wa upande wa mtaro huwa mkubwa kuliko ule wa katikati. Miongozo ya barabara zenye magari machache katika ukanda wa SADC hupendekeza kwamba sakafu ya mtaro iwe chini ya kilele cha barabara kwa angalau sentimita 75. Mtaro ukijaa mchanga na taka, kipimo hicho hufutika, na barabara hubaki imelala ndani ya maji kama mkate ndani ya chai.

3. USHINDILIAJI

Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor wa California alichapisha maelezo ya jambo ambalo sasa ni sehemu ya kila ujenzi: kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hufikia msongamano wake wa juu kabisa. Ukiwa mkavu mno, punje hukataa kusogeleana. Ukiwa na maji mno, maji hushika nafasi ya punje. Ndiyo sababu katika kazi njema ya barabara tunaona greda, boza la maji na mtambo wa kushindilia vikifuatana. Boza halikuja kutuliza vumbi tu.

Upungufu mdogo katika kazi hii una gharama kubwa. Mtafiti R. D. Barksdale alibaini mwaka 1972 kwamba changarawe na kokoto zilizoshindiliwa kufikia asilimia 95 ya kipimo, badala ya asilimia 100, zilipata bonyeo la kudumu lililozidi kwa wastani wa asilimia 185. Yaani pungufu ya asilimia tano katika ujenzi iliongeza bonyeo hadi karibu mara tatu. Asilimia tano hizo hazionekani siku ya makabidhiano. Zinajulikana kwa kipimo tu.

4. AINA NA UNENE WA CHANGARAWE

Kokoto zenye pembe hushikana vizuri kuliko mawe laini ya mviringo ya mtoni. Mchanganyiko wa punje kubwa, za kati na ndogo hujaza nafasi vizuri kuliko punje za ukubwa mmoja. Vumbi laini likiwa kidogo husaidia kufunga. Likizidi, hasa likiwa la mfinyanzi, hunyonya maji na kuyashikilia, na punje kubwa huogelea ndani yake. Kwa sababu hiyo, katika kipimo cha nguvu kiitwacho CBR, sampuli hulazwa majini siku nne kabla ya kupimwa. Changarawe nzuri ni ile inayobaki na nguvu ikiwa imelowa, si ile inayopendeza ikiwa kavu.

Unene nao hutawanya mzigo. Tabaka nene huufikisha mzigo kwenye udongo wa asili ukiwa umesambaa na kupungua makali. Tabaka jembamba huufikisha ukiwa mzima. Changarawe hupungua kila mwaka kwa vumbi, mvua na kusukumwa kando, hivyo barabara isiyoongezewa changarawe hukonda hata kama haijapasuka mahali.

JARIBU MWENYEWE

Chukua makarai matatu madogo na changarawe ya aina moja. La kwanza jaza changarawe kavu bila kuishindilia. La pili inyunyizie maji kidogo, kiasi cha kufanyika donge ukiifumbata mkononi bila maji kuchuruzika, kisha ishindilie kwa mchi tabaka kwa tabaka. La tatu fanya kama la pili, halafu limwagie maji hadi yafunike changarawe na uliache hivyo usiku kucha. Asubuhi bonyeza kila moja kwa kisigino. La kwanza litakuonyesha thamani ya ushindiliaji, na tofauti kati ya la pili na la tatu itakuonyesha thamani ya mtaro. Walimu wa shule zetu wanaweza kulifanya somo hili darasani bila gharama.

JINSI YA KUUSOMA MFUO

Wataalamu Andrew Dawson wa Uingereza na Pauli Kolisoja wa Finland wamefundisha kwamba umbo la mfuo hueleza chanzo chake. Laza ubao ulionyooka kuikatiza barabara kisha tazama.

Bonyeo likiwa la kina kidogo, bila tuta lolote kuinuka kando, huenda changarawe inaendelea kujishindilia tu chini ya magari. Hali hii mara nyingi hutulia yenyewe.

Bonyeo likiwa jembamba, na changarawe imeinuka kama tuta karibu kabisa na gurudumu, tabaka la changarawe lenyewe ndilo lililoshindwa: limelowa, halikushindiliwa vya kutosha, au lina mfinyanzi mwingi.

Bonyeo likiwa pana, na uso wa barabara umeinuka taratibu mbali kidogo na gurudumu, udongo wa asili ndio uliozidiwa. Tabaka lililo juu yake ni jembamba mno, au maji yamefika chini.

Vyote hivi vyaweza kutokea pamoja. Lakini mkazi anayetoa taarifa kwa maelezo ya namna hii humsaidia fundi kufika akijua aanzie wapi.

MAKOSA YETU YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni kuujaza mfuo kwa udongo wowote ulio karibu, mara nyingi mfinyanzi au takataka za ujenzi. Nia huwa njema, lakini mfinyanzi ukilowa huwa utelezi, nao huyafungia maji ndani ya tabaka. Kosa la pili ni kujaza mfuo ulio na maji. Maji yatolewe kwanza kwa kuchimba njia ya kuyapeleka mtaroni, pakauke, ndipo changarawe iwekwe na kushindiliwa. Kosa la tatu ni kuuziba mtaro ili kupata njia ya kuingia dukani au nyumbani. Kivuko bila kalavati ni bwawa, na bwawa hilo hunywewa na barabara. Kosa la nne ni kulima hadi ukingo wa mtaro. Mvua ya kwanza huupeleka udongo wa shamba ndani yake.

Na kwa haki, makosa hayako upande wa wakazi peke yao. Kazi isiyopimwa ushindiliaji, changarawe isiyopimwa ikiwa imelowa, na mitaro isiyopewa mahali pa kutolea maji ni makosa ya ujenzi na usimamizi. Mwananchi ana haki ya kuuliza. Barabara inapojengwa katani kwako, ni halali kumuuliza msimamizi, kwa adabu: Je, ushindiliaji umepimwa? Umefikia asilimia ngapi? Maji ya mtaro huu yanatokea wapi na yanaishia wapi?

SIKU MBILI ZA SUBIRA

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Kama lori lilelile lisilo na madhara Septemba huiangamiza barabara Aprili, basi kinga ya bei nafuu kuliko zote ni lori hilo kusubiri barabara ivuje maji yake baada ya mvua kubwa, au kupunguza mzigo na kwenda mara mbili. Hatusemi kwamba subira haina gharama. Nyanya huoza, mnunuzi huondoka, na dereva hulipwa kwa safari, si kwa kusubiri. Lakini gharama ya upande wa pili ni barabara isiyopitika hadi kiangazi, na hiyo hulipwa na wote: mgonjwa, mwanafunzi, na mkulima ambaye hakupakia hata gunia moja.

Ifahamike kuwa kuzuia magari ni kazi ya mamlaka ya barabara. Barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Mwananchi asiweke gogo barabarani kwa uamuzi wake. Lakini serikali ya kijiji na wafanyabiashara wanaweza kukaa kabla ya masika, wakakubaliana juu ya mizigo na siku za kusubiri, na kuwasilisha maombi yao kwa mamlaka kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA MVUA

Kila kaya izibue mtaro unaopita mbele yake, na taka zitakazotolewa zisiachwe ukingoni kusubiri mvua izirudishe. Wenye vivuko vilivyoziba maji waweke makalavati, kwa ushauri wa fundi wa barabara. Viongozi wa vitongoji wakague michepuko ya kutolea maji ya mitaro. Palipo na mfuo tayari, taarifa ipelekwe ofisi ya kata ikitaja mahali, upande wa barabara, umbo la mfuo, na kama mtaro wa karibu una maji yaliyotuama.

MASWALI KWA MKUTANO WA KIJIJI

1. Ni mtaro upi katika kijiji chetu ambao maji yake hayana mahali pa kuishia?

2. Mifuo yetu mikubwa iko upande wa mtaro au katikati ya barabara, na hilo linatuambia nini?

3. Mvua kubwa ikinyesha katika msimu wa mavuno, tumekubaliana nini na wenye malori?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara, mara nyingi kuziba ufa ni kuzibua mtaro, na chombo chake ni jembe ambalo kila kaya inalo.